"Apron": neno lililopoteza herufi ya kwanza

Vazi analojifunga mama lishe, muuza nyama au fundi seremala ili nguo zake zisichafuke huitwa kwa Kiingereza "apron", nasi tukaliita aproni. Wachache wanajua kwamba zamani neno hilo lilianza na n. Waingereza walisema "napron". Herufi hiyo haikufutwa na mtaalamu yeyote wala haikukatazwa na shule. Iliondoka masikioni mwa watu.

Chimbuko lake ni Kilatini. Warumi waliita kitambaa cha mezani "mappa", na kitambaa cha namna hiyohiyo ndicho kilichoangushwa uwanjani kuashiria kwamba mashindano ya magari ya farasi yameanza. Kinywani mwa Wafaransa neno hilo likageuka "nappe", yaani kitambaa cha meza, na kitambaa kidogo kikaitwa "naperon". Waingereza wakalichukua hilo la pili. Kwenye "nappe" wakapachika kiishio cha udogo, wakapata "napkin". Hata "map", yaani ramani, imetoka kwenye "mappa", kwa kuwa ramani za zamani ziliitwa vitambaa vya dunia. Ile iliyohifadhiwa katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, ni ya mnamo mwaka 1300 na imechorwa kwenye ngozi ya ndama, lakini hadi leo huitwa Mappa Mundi.

Sasa n ilikwenda wapi? Kiingereza hutanguliza "a" mbele ya nomino inayoanza na konsonanti, na "an" mbele ya inayoanza na irabu. Tamka haraka "a napron", kisha "an apron": sikio halipati tofauti. Watu wengi wa zama hizo hawakujua kusoma, na hata walioandika hawakuwa na tahajia moja. Msikilizaji aliyepokea sauti hizo alilazimika kuamua mwenyewe n ni ya nani: ya neno la mbele au la nyuma? Katika karne ya 15 wengine walianza kuikata upande wa "an", na umbo hilo jipya likashinda. Wafaransa bado wanasema "napperon", wakimaanisha kitambaa kidogo cha kupambia meza.

Si neno hilo peke yake. "Adder", nyoka wa jamii moja na kifutu, aliitwa "nædre" katika Kiingereza cha kale, na Wajerumani wangali na n yao katika "Natter". "Umpire", mwamuzi wa kriketi, ametokana na neno la Kifaransa cha kale "nonper", yaani asiye na mwenzi: mtu wa tatu anayesimama kati ya pande mbili. Safari ya kinyume nayo ipo. "An ekename", jina la nyongeza, liliiba n ya jirani yake likawa "a nickname", jina la utani.

Kimatumizi, "apron" ni nomino inayohesabika: "an apron, two aprons". Hutamkwa karibu na "eipran". Mbali na vazi, uwanja wa ndege una "apron" yake, eneo ndege zinapoegeshwa, kupakiwa na kujazwa mafuta. Jukwaa la maigizo nalo linayo, sehemu iliyojitokeza mbele ya pazia. Mtu mzima asiyeweza kuamua jambo bila mama yake husemwa kuwa amefungwa kwenye kamba za "apron" ya mama.

Kiswahili kimefanya mambo hayohayo, tena kwa ustadi. Waarabu walitupa "kitab", ambamo ki ni sehemu ya mzizi, na wingi wake kwao ni "kutub". Sikio letu likasikia ki- ya kiti na kisu, tukapata vitabu. "Waqt" ikawa wakati, wingi nyakati. "Wire" ya Kiingereza ikawa waya, na leo mafundi umeme wanatandaza nyaya. Vibao vya "Keep Left" kwenye mizunguko ya barabara vikawapa Watanzania kiplefti, na viwili ni viplefti. "Mudguard" ikasikika kama wingi, madigadi, basi moja ikawa digadi.

Kanuni ni moja: mgeni anapoingia katika lugha, wenyeji humkata na kumshona kwa kipimo cha sarufi yao. Msomi anaweza kuita hilo kosa siku ya kwanza. Likishatumiwa na wote, ndiyo lugha yenyewe. Kwa hiyo anayecheka viplefti na nyaya amwombe kwanza Mwingereza arudishe n ya "apron".