Kirikuu yako ina miaka mingapi? Uliza mkanda!

Wiki hii tuyaache mapenzi kidogo, twende yadi.

Binamu yangu kauza mitumba miaka minne, akidunduliza mpaka mshiko ukatosha kununua kirikuu, yaani Suzuki Carry, ile pikapu ndogo ya Kijapani inayobeba nyanya asubuhi na masofa jioni. Dalali akamwambia gari ni ya 2010. "Mdogo wangu, hii bado mpya!" Jamaa akatoa milioni moja ya advansi. Siku ya kumalizia akaja kunichukua, na mimi nikamvuta fundi wa mtaani kwetu.

Fundi hakuhangaika na rangi. Alifungua mlango, akauvuta mkanda wa kiti mpaka ukaisha. Kule chini kuna lebo ndogo ambayo mtu hawezi kuiona bila kuitafuta, na imeandikwa mwaka mkanda ulipotengenezwa: 2004. Akazunguka upande wa pili, 2004 tena. Mkanda mmoja unaweza kubadilishwa baada ya ajali, sawa. Yote miwili iwe na umri wa miaka sita zaidi ya gari? Wapi bwana!

Dalali akakimbilia namba ya chasisi. Hapo ndipo wengi tunapoingizwa mjini. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe halina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 ya magari ya Marekani, ambayo ndani yake kuna alama ya mwaka. Lina modeli, kistari, halafu namba. Ya binamu ilianza na DA63T. Modeli hiyo ilitoka 2002 mpaka 2013, ndipo ikaja DA16T. Kwa hiyo ukiambiwa DA63T ni ya 2016, aga uondoke. Lakini 2004 na 2010 zote zimo humo humo, na dalali alilijua hilo vizuri tu. Kile kibati cha kwenye gari nacho hakisaidii: modeli kipo, chasisi ipo, namba ya rangi ipo, mwaka hola.

Fundi akaomba makaratasi yaliyotoka Japani. Baada ya kuzungushwa nusu saa, ikaletwa kopi yenye Kijapani kitupu, na penye tarehe ya kuandikishwa mara ya kwanza pana 16. Wenzetu wanahesabu miaka kwa zama za wafalme wao. Zama za Heisei zilianza 1989, kwa hiyo unachukua namba unajumlisha 1988. Kumi na sita ni 2004! Ukikuta Reiwa, iliyoanza Mei 2019, jumlisha 2018. Ukikuta Showa, jumlisha 1925, halafu umpigie simu babu yako maana ni rika lake.

Kumbuka huo ni mwaka wa kuandikishwa. Gari la Desemba linaweza kuandikishwa Januari, ndiyo maana mkanda na karatasi vinaweza kupishana kidogo. Kidogo, siyo miaka sita.

Dalali akasema labda Wajapani walikosea. Tukacheka wote, hata yeye. Advansi aligoma kuirudisha, ila bei ikashuka mpaka ya 2004. Binamu akalipa, na kesho yake alikuwa Buguruni anapakia nyanya.