Mbona sumu nzuri ya sisimizi ni ile inayochelewa kuua?

Siafu wakivamia mlango, wengi wetu tunakimbilia majivu au mafuta ya taa. Walio mbele wanakufa, waliobaki wanageuza njia, roho inatulia. Sasa mfikirie mfugaji wa Texas au Alabama mwenye vichuguu mamia malishoni. Huyu akishindana na sisimizi anaowaona tu, ameshindwa tayari.

Adui wake ni sisimizi-moto, Solenopsis invicta, mdudu wa Amerika Kusini aliyeingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930. Akikuchoma, ngozi inawaka, na kesho yake kinatoka kipele cheupe. Mtu mzima atakimbia. Ndama aliyezaliwa leo hawezi. Sisimizi wanafuata majimaji ya macho na pua yake, na kuna ndama wanaopofuka au kufa kabisa.

Kundi moja lililokomaa linaweza kuwa na wafanyakazi zaidi ya 200,000. Ukiwaua nusu, malkia ataendelea kutaga na pengo litazibika. Naye yuko ndani, kwenye vijia vinavyoweza kushuka zaidi ya mita moja. Dawa inayomwagwa juu mara nyingi haimfikii.

Basi unamfikiaje? Kwa chakula. Sisimizi mfanyakazi hawezi kumeza kitu kigumu, anakunywa majimaji tu. Akipata mafuta anayabeba tumboni, akifika nyumbani anamtapikia mwenzake mdomoni, mwenzake anampa mwingine, hivyo hivyo hadi kwa malkia.

Chambo kinatumia tabia hiyo hiyo: chenga za mahindi zilizolowekwa mafuta ya soya yenye sumu kidogo. Sumu ikiua haraka, mbebaji anafia njiani na malkia hapati kitu. Ndiyo maana inatumika sumu kama hidramethilnoni, inayofanya kazi polepole. Methopreni ni ya taratibu zaidi: inavuruga uzazi na ukuaji wa mabuu, wafanyakazi wazee wanakufa bila warithi, na kundi linakwisha baada ya miezi. Kiasi chenyewe ni kidogo, kilo moja na nusu hivi kwa hekta.

Lakini kwanza hakikisha wana njaa. Weka krispi chache zenye mafuta karibu na vichuguu. Zikijaa sisimizi ndani ya nusu saa, mwaga chambo. Usikitibue kichuguu, maana wakishtuka wanaacha kula na kuanza kujihami. Nyasi ziwe kavu, na mvua isiwe karibu. Chambo kiwe kipya, kwa sababu mafuta yaliyochacha hawayataki. Halafu soma lebo: si kila chambo kinaruhusiwa penye mifugo.

Je, si rahisi kunyunyizia eneo zima tu? Lilijaribiwa hilo. Kuanzia 1957 serikali ya Marekani ilimwaga heptaklori na dieldrini kwenye maeneo makubwa ya kusini. Ndege na wanyama wengi walikufa, na Rachel Carson akaliandika jambo hilo katika Silent Spring mwaka 1962. Sisimizi-moto waliendelea kuenea.

Tatizo mojawapo ni kwamba sumu ya kila mahali inaua hata sisimizi wenyeji, ambao hula malkia wachanga wa sisimizi-moto wanapotua kutafuta makao. Ukiwaondoa, umemfungulia mgeni mlango. Kwa hiyo vichuguu vikiwa chini ya 50 hivi kwa hekta, wataalamu wa huko wanashauri kutibu kimoja kimoja na kuwaacha wenyeji walinde sehemu iliyobaki.

Kuwamaliza kabisa huko kusini mwa Marekani hakujawezekana. Mfugaji anaweza kuwapunguza, na kwa kuwa chambo kinachelewa, inabidi akitandaze wiki au miezi kadhaa kabla ng'ombe hawajaanza kuzaa. Akingoja ndama wa kwanza aumwe, amechelewa.