Dawa ya Kuhifadhi Mahindi: Itumiwe kwa Kipimo

Mkulima akisha kuvuna hudhani ya kuwa kazi imekwisha, kumbe adui wa nafaka humngoja ghalani. Fukusi tunamjua tangu zamani. Dumuzi ni mgeni: asili yake ni Amerika ya Kati, akaonekana Tabora, nchini Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 alikuwa amekwisha fika Taveta. Huyu huzipekecha punje hata zikawa unga mtupu, na hupenda zaidi mahindi yaliyo bado katika magunzi yake. Kwa hiyo yafaa kupukuchua mapema.

Unga wa dawa unaouzwa kwa ajili ya wadudu hawa mara nyingi huwa ni dawa mbili, pirimifosi-methili na permethrini. Ya kwanza humwua fukusi lakini haimwezi sana dumuzi. Ya pili humwua dumuzi lakini fukusi huistahimili. Ndiyo sababu zikachanganywa. Kipimo chake cha kawaida ni gramu 50 kwa gunia la kilo 90, lakini soma kwanza maneno yaliyoandikwa juu ya mkebe, na kama hujui kusoma, mwombe Bwana Shamba akusomee. Wako watu wapimao kwa kiganja. Ikipungua, wadudu hawafi. Ikizidi, wataila watoto wako katika ugali.

Anika mahindi hata yakauke kabisa. Ili kuyajaribu, tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikishika ubavuni mwa chupa, yaanike tena. Kisha yapepete, uyamwage juu ya turubai mahali pasipo upepo, unyunyize dawa na kugeuza kwa sepeto, si kwa mikono mitupu. Funga kitambaa puani na kinywani, wala usivute sigara. Ukimaliza, oga kwa sabuni. Mkebe mtupu usitiwe chumvi wala maziwa, hata ukioshwa mara kumi.

Dawa ya kahawa, ya mboga, au ya kuogeshea ng’ombe isitiwe kamwe katika chakula. Wazee watakumbuka unga wa DDT. Matumizi yake katika kilimo yalikatazwa Kenya mwaka 1986.

Lakini jambo linaloogofya zaidi ni vidonge vya kufukizia. Vikipata unyevu wa hewa hutoa moshi usioonekana, nao huua watu kama uuavyo wadudu. Jamaa nyingi huweka magunia katika nyumba ile ile wanamolala, na moshi huo hupenya kutoka chumba hata chumba usiku watu wakiwa usingizini. Vidonge hivyo ni kazi ya mafundi waliofundishwa, katika maghala yasiyokaliwa na watu.

Mtu aliyeshika dawa akiumwa kichwa, akitokwa na jasho na mate mengi, akitapika au akibanwa kifua, apelekwe hospitali mara moja, na mkebe wa dawa uchukuliwe pamoja naye ili daktari aone ni sumu gani.