Kibodi Isiyohitaji Meza

Twiddler ni kifaa cha plastiki kinachoenea kiganjani. Mkanda unaopita nyuma ya mkono hukishikilia kisianguke hata vidole vyote vikiachia. Upande wa nje, pale vidole vinne vinapojikunja, kuna vitufe 12 vilivyopangwa vitatu vitatu katika safu nne, kila kidole na safu yake. Upande wa juu ni wa kidole gumba: vitufe vya herufi kubwa, vya tarakimu na vya amri, pamoja na kidude kidogo cha kusogezea mshale wa kwenye skrini. Kwa hiyo mkono mmoja unachapa, unasogeza mshale na unabofya, huku mkono wa pili ukiwa huru kushika kikombe cha chai au bomba la daladala.

Kifaa hiki kilianza kuuzwa na kampuni ya Kimarekani ya Handykey mwanzoni mwa miaka ya 1990, na matoleo mapya yameendelea kutoka hadi miaka hii. Toleo la kwanza halikuwa na kidude cha kusogezea mshale. Lilikuwa na kihisi cha mwinamo, hivyo ukiinamisha mkono mshale nao unakwenda upande huo.

Anayekishika kwa mara ya kwanza hukwama mapema. Anataka kuandika herufi, anaitafuta kwa macho, na vitufe vimempa kisogo. Hata kama herufi zimeandikwa juu yake, wakati wa kuchapa hazionekani. Tena vitufe ni 12 ilhali alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26. Siri yake ni kubonyeza vitufe kadhaa kwa mkupuo: herufi fulani ni kitufe kimoja, nyingine ni viwili vinavyobonyezwa pamoja, na kompyuta huihesabu herufi pale vidole vinapoachia.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila kidole kina njia nne: kuacha, kubonyeza kitufe cha kushoto, cha kati au cha kulia. Vidole vinne vyenye njia nne kila kimoja vinatoa miunganiko 256. Ukiondoa ule wa kutobonyeza chochote, inabaki 255, kabla hata kidole gumba hakijaongeza chake. Nafasi hizo zinatosha alfabeti nzima, alama za uandishi, na maneno mazima mengi.

Mmoja wa watangulizi wa Twiddler ana umri sawa na kipanya, na ametoka katika maabara ileile. Katikati ya miaka ya 1960, Douglas Engelbart na wenzake katika taasisi ya utafiti ya SRI, Menlo Park, California, walikuwa wakitafuta njia bora ya mtu kuelewana na kompyuta. Walijaribu kalamu ya mwanga, usukani mdogo, hata kifaa cha kusukumwa kwa goti chini ya meza. Kilichoshinda ni kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili, alichokiunda mhandisi Bill English mwaka 1964. Ndicho kipanya cha kwanza.

Kipanya hicho kilikuwa na pacha. Mkono wa kulia ulipokuwa juu ya kipanya, wa kushoto ulikaa juu ya ubao mdogo wenye vitufe vitano virefu kama vya piano, kimoja kwa kila kidole. Vitufe vitano hutoa miunganiko 31. Herufi a ilikuwa kitufe cha kwanza, b cha pili, c vyote viwili kwa pamoja, na kuendelea hivyo kwa kufuata mfumo wa hesabu wa sifuri na moja. Mtumiaji aliyezoea angeweza kuhariri waraka bila kurudisha mikono kwenye kibodi kubwa, isipokuwa pale anapotaka kuandika maneno mengi. Tarehe 9 Desemba 1968, Engelbart alivionyesha vifaa vyote viwili mjini San Francisco mbele ya wataalamu wa kompyuta, katika onyesho ambalo hadi leo linahesabiwa miongoni mwa matukio makuu ya historia ya teknolojia.

Pacha mmoja akaenda mjini, mwingine akabaki nyumbani. Kompyuta ya Alto ya Xerox ya mwaka 1973 bado iliweza kuunganishwa na ubao wa vitufe vitano. Star ya mwaka 1981, ambayo kampuni hiyohiyo iliitengeneza kwa ajili ya maofisi, ilibaki na kipanya na kibodi tu, na Macintosh ya Apple ikafuata njia hiyo mwaka 1984. Engelbart hakukubali kwamba ubao wake ulikuwa na kasoro. Alilalamika kwamba dunia imeng'ang'ania baiskeli ya watoto ya magurudumu matatu kwa kuwa haihitaji kujifunza, wakati baiskeli ya kweli humfikisha mtu mbali zaidi.

Uingereza nayo ilipata toleo lake, na aliyelibuni hakuwa mhandisi. Cy Endfield alikuwa mwongozaji filamu na bingwa wa mazingaombwe ya karata. Aliihama Marekani alipofungiwa kazi wakati wa kuwasaka watu waliodhaniwa kuwa wakomunisti, na jina lake linajulikana zaidi kwa filamu ya Zulu ya mwaka 1964. Akishirikiana na Chris Rainey, alitengeneza Microwriter, mashine ya kushika mkononi iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilikuwa na vitufe sita na kioo chembamba cha mstari mmoja. Endfield alipanga miunganiko ili umbo la vidole likumbushe umbo la herufi, mtu asilazimike kukariri kama jedwali la kuzidisha. Mwaka 1989 ilitoka AgendA, ndogo kiasi cha kuingia mfukoni. Ilipendwa na wachache, kisha ikatoweka madukani.

Mtumiaji mashuhuri kuliko wote wa Twiddler ni Thad Starner. Mwaka 1993, akiwa mwanafunzi katika taasisi ya MIT, alianza kuvaa kompyuta: mashine yenyewe kwenye begi, kioo kidogo mbele ya jicho moja, na Twiddler mkononi. Alikuwa akizungumza na mtu huku vidole vikiandika maelezo ya mazungumzo hayo, na programu aliyoiunda mwenzake Bradley Rhodes ikimletea maandishi ya zamani yanayohusiana na kinachoandikwa. Baadaye Starner akawa profesa wa Georgia Tech, Atlanta, na mmoja wa viongozi wa kiufundi wa miwani ya Google Glass.

Georgia Tech ndiko kulikofanyika majaribio yanayojibu swali la kila anayekitazama kifaa hiki: je, kinafaa kweli? Kent Lyons, Starner na wenzao walichapisha matokeo mwaka 2004. Watu ambao hawajawahi kukitumia walipewa mafunzo ya vipindi vya dakika 20. Baada ya dakika 400 kwa jumla, walifikia wastani wa maneno 26 kwa dakika, huku wakiandika takribani 20 kwa mtindo wa simu za batani wa kubofya namba moja mara kadhaa. Waliokubali kuendelea hadi saa 25 hivi walifika wastani wa 47, na mwenye kasi kuliko wote akafika 67.

Namba hizo zinahitaji kipimo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliowahusisha watu 168,000 mtandaoni, ulikuta mchapaji wa kibodi ya kawaida anaandika wastani wa maneno 52 kwa dakika. Maana yake, mkono mmoja uliofunzwa kwa saa 25 unakaribia mikono miwili iliyochapa miaka nenda rudi. Ila “neno” katika vipimo hivi ni mibofyo mitano, nafasi ikiwemo. Kiswahili kina maneno marefu: “wanaokuja” peke yake lina herufi tisa, hivyo huhesabiwa karibu maneno mawili.

Faida yake inaonekana vizuri zaidi ukiilinganisha na simu ya kitochi, ile ambayo Wakenya huiita kabambe. Kuandika “sasa” kwenye simu hiyo kunataka kubofya 7 mara nne, 2 mara moja, kisha kurudia yote: mibofyo 10. Kwenye Twiddler ni mikupuo minne, mmoja kwa kila herufi.

Hata hivyo, mpangilio uliotumika katika majaribio hayo ulimfikiria mwandishi wa Kiingereza. Herufi a hadi h zinapatikana kwa kitufe kimoja, zilizobaki zinahitaji viwili. Mchapaji wa Kiswahili anafurahia a, anayoitumia karibu katika kila neno. Lakini c, ambayo kwa kawaida haihitaji ila pale inapofuatwa na h, imepewa nafasi ya kifahari, wakati i, k, n, u na w, zinazobeba sarufi nzima, zinataka vidole viwili. Q na x hazina kazi kabisa.

Tatizo hili lina dawa, kwa kuwa mwenye kifaa anaweza kujipangia upya kwa programu inayotolewa na watengenezaji. Muunganiko mmoja unaweza kutoa herufi kadhaa mfululizo. Kwa Kiingereza watu hujiwekea “the” na “ing”. Kwa Kiswahili, ambacho kitenzi chake hujengwa kwa vipande vinavyojirudia, akiba ni kubwa zaidi: mkupuo mmoja ukatoa “wana”, mwingine “nili”, mwingine “tuta”, na mingine “kwa” na “katika”. Mtu anayeandika taarifa za mikutano anaweza kuweka “mwenyekiti” kwenye mkupuo mmoja.

Kama mambo ni mazuri hivi, mbona ofisini hakionekani? Bei ni sehemu ya jibu, maana Twiddler 3 iliuzwa karibu dola 200, ilhali kibodi ya kawaida hununuliwa kwa bei ya chakula cha mchana. Sababu kubwa zaidi ni kwamba kibodi ya kawaida humvumilia asiyejua. Anayekaa mbele yake kwa mara ya kwanza ataokoteza herufi moja moja kwa kidole kimoja, lakini barua itaandikika. Twiddler haimpi mgeni hata salamu mpaka akariri kwanza. Isitoshe, mpangilio uliojitengenezea haukusaidii kwenye kompyuta ya stesheneri au ya ofisi inayotumiwa na watu watano. Kwa aliyekaa mezani, mikono yote miwili ikiwa huru na macho yakiona, saa hizo 25 hazimrudishii faida kubwa.

Mambo hubadilika pale kibodi ya kawaida inapokuwa haimfai mtumiaji. Mwandishi rasmi wa mahakama nchini Marekani hutakiwa kufikia maneno 225 kwa dakika ili apate cheti, kasi iliyo mbali sana na ya mchapaji wa kawaida wa kibodi. Kwa hiyo hutumia mashine ya stenotype, ambayo hubonyezwa vitufe vingi kwa mkupuo na kuandika silabi au neno zima. Aliyebaki na mkono mmoja, au anayefanya kazi akiwa amesimama, naye ana sababu ya kukariri.

Afrika Mashariki ina mfano wake, na ni wa miongo mingi. Mashine ya Perkins, ambayo wanafunzi wasioona huandikia nukta nundu, hufanya kazi kwa kanuni hii hii. Iliundwa na David Abraham, mwalimu wa useremala katika shule ya Perkins huko Massachusetts, na ikaanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1951. Ina vitufe sita, vitatu kila upande wa kitufe cha nafasi, kila kimoja kwa nukta moja. Vitufe sita hutoa miunganiko 63. Herufi a ni kidole cha shahada cha kushoto peke yake. Herufi m ni vidole vitatu: shahada na cha pete vya kushoto, na shahada cha kulia. “Mama” ni mikupuo minne, na maandishi yanajitokeza upande wa juu wa karatasi, tayari kusomwa kwa ncha za vidole. Asiye na mashine hutoboa nukta moja moja kwa kibao na kalamu yenye ncha, akianzia kulia kwenda kushoto kwa herufi zilizogeuzwa.

Katika shule kama ya wasioona ya Thika, Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1946, mtoto hujifunza kuchapa hivi kama mwenzake anavyojifunza kushika penseli. Ugumu wa kukariri, unaowakimbiza wanunuzi wa Twiddler, hapo ni sehemu ya darasa la kwanza. Kikwazo ni uzito wa mashine, karibu kilo 5, pamoja na bei yake na upungufu wa vipuri.

Uzito huo sasa unaweza kukwepwa. Apple iliweka kibodi ya nukta nundu kwenye skrini ya iPhone mwaka 2014, na Google ikaiweka kwenye simu za Android mwaka 2020, ndani ya huduma ya TalkBack. Simu hulazwa kwa upana, kioo kikatazama mbele, mbali na mwandishi, na vidole vikajikunja kukigusa kutoka nyuma, mkao unaofanana na wa Twiddler. Hakuna cha kununua.

Kwa msomaji anayeona na anayetaka kuonja uchapaji wa mkupuo kabla ya kununua Twiddler, huo ndio mlango wa bei nafuu kuliko yote. Kwenye simu za Android, kibodi hiyo hupatikana kwenye mipangilio ya ufikivu, ndani ya TalkBack. Tahadhari moja: TalkBack ikiwashwa, simu husoma kila kinachoguswa, na kitufe hufunguka kwa kuguswa mara mbili badala ya moja. Ni vizuri kujua mapema namna ya kuizima, kwa kawaida kwa kubonyeza na kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache.