Sonona si Aibu

Mwaka 1972 seneta Thomas Eagleton wa Marekani aliteuliwa kugombea umakamu wa rais. Ilipojulikana kwamba aliwahi kutibiwa sonona kwa umeme, alijitoa baada ya siku 18. Hata hivyo aliendelea kuwa seneta hadi mwaka 1987.

Kitty Dukakis, ambaye mumewe aligombea urais mwaka 1988, aliteswa na sonona miaka mingi bila dawa kumtosha. Mwaka 2001 alianza tiba ya umeme akapata nafuu, na mwaka 2006 alitoa kitabu juu yake. Hakuficha kwamba ilimpotezea baadhi ya kumbukumbu.

Tiba hii ilianzia Roma mwaka 1938. Siku hizi mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, kisha umeme hupitishwa kichwani sekunde chache ili kuleta degedege fupi. Hasikii maumivu, ila akiamka huweza kuumwa kichwa au kusahau mambo. Hurudiwa mara 2 au 3 kwa juma, kwa kawaida mara 6 hadi 12, hasa kwa sonona kali isiyosikia dawa. Ipo pia tiba ya sumaku, isiyohitaji usingizi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008.

Basi, ndugu yako akiacha kula, akijitenga, au akisema ni heri afe, usimwambie kwamba imani yake ni haba. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali upesi. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha tusali, na tabibu naye tumpe nafasi yake.