Mtunzi wa Mashairi Barazani na kwa Mpiga Chapa

Katika nchi za Ulaya mtunzi akisemwa kwamba anasoma mashairi yake mbele ya watu, mambo huwa yamekwisha pangwa: kitabu kimekwisha pigwa chapa, mtunzi amekishika mkononi, na sauti isikiwayo ni yake mwenyewe. Kitabu kilitangulia, sauti ikafuata. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki mambo yalizoea kwenda kinyume. Sauti hutangulia, na aghalabu si sauti ya mtunzi. Chapa hufuata baadaye, pengine baada ya miaka mia, pengine isifuate kabisa. Makala haya yaeleza yale yampatayo mtunzi katika njia hiyo, na lile awezalo kulipoteza atokapo barazani kuingia kitabuni.

Yafaa kuanza mahali padogo. Kibuta ni kata ya wilaya ya Kisarawe, katika Uzaramo, bara kidogo kutoka Dar es Salaam. Huko, kama katika sehemu nyingine za Mrima, ziko tungo za namna mbili. Ziko nyimbo za ngoma, kama zile za kumtoa mwali ndani, ambazo ni mali ya wote. Hapana aulizaye nani kazitunga, na azianzishaye huzikata na kuziongeza apendavyo. Na yako mashairi ya vina na mizani, ambayo kila moja lina mwenyewe. Ubeti wa mwisho wa shairi, uitwao tamati au kaditamati, mara nyingi hutaja jina la mtunzi au lakabu yake, na pengine mahali akaapo. Mgeni asiyejua hudhani ni majivuno. Si majivuno, ni muhuri. Shairi litokalo Kibuta kwa kinywa cha mtu mwingine, likaghaniwa harusini Mzenga au Maneromango, halina jalada la kuandikwa jina. Kwa hiyo jina lafumwa ndani ya mizani, mahali ambapo mghani hawezi kuliondoa pasipo kuvunja ubeti.

Mghani huyo ni mtu wa kuangaliwa sana. Mtunzi hodari huenda akawa hana sauti, na mwenye sauti huenda asijue kutunga, wala hapana aonaye aibu kwa hilo. Huko Mombasa, Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijipatia sifa kubwa kwa kuimba, na miongoni mwa maneno aliyoyaimba yalikuwamo yale yaliyotungwa na jamaa yake Ahmad Nassir. Wasikilizaji walijua kwamba sauti ni ya huyu na maneno ni ya yule. Wala wasikilizaji wenyewe si watu wa kukaa kimya tu. Sikio lililozoea mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande huu, hutambua mara moja kina kilichopotoka. Na shairi lenye fumbo au shutuma hungojewa jibu, ambalo mshindani hulitunga kwa vina vile vile. Shairi lisilojibiwa na mtu huonekana kama barua iliyopotea.

Hatari ya mpango huu ni kwamba unategemea kumbukumbu za watu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kama baina ya 1776 na 1840, alikuwa mtunzi wa watu hasa: vita vya Wamazrui na watawala wa Oman, mapenzi, deni na njaa, yote aliyatia katika mashairi yaliyosemwa mjini. Hakuona hata ukurasa mmoja wa kitabu chake. Mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya yaliyokuwa yamesalia, na William Hichens akayatoa kwa chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwaka 1940. Miaka mia ilikuwa imepita tangu mtunzi afe, na kitabu kilipigwa chapa katika mji ambao yeye hakupata kuuona. Mtu aweza kushukuru kwamba yalihifadhiwa, na papo hapo akajiuliza ni mangapi yaliyokwenda kaburini pamoja na wazee waliokuwa wakiyajua.

Mlango ulifunguka kwa magazeti. *Mambo Leo*, lililotolewa Dar es Salaam na Idara ya Elimu tangu Januari 1923, liliweka nafasi kwa mashairi, na mtunzi wa shamba akaona kwamba kwa bei ya stempu aweza kusikiwa Tabora, Lindi na Tanga kwa mwezi mmoja. Baadaye *Ngurumo*, *Uhuru* na mengine yalifuata desturi hiyo. Ni jambo la kupendeza kuona jinsi adabu za baraza zilivyohamia gazetini. Aingiaye nyumba ya watu hubisha hodi. Basi mtunzi naye hubisha hodi kwa mhariri katika ubeti wa kwanza, akimwomba nafasi. Majibizano nayo yaliendelea, ila yule mshindani sasa alikuwa mtu ambaye mtunzi hajapata kuonana naye. Hata kusoma hakukuwa kwa macho tu: ajuaye kusoma aliwasomea wengine, na kwa kuwa shairi halisomwi kama tangazo la kodi, alilitafutia mahadhi. Sauti ikawa imerudi, kwa njia ya karatasi.

Lakini gazeti lilileta mambo ambayo baraza halikuyajua. La kwanza ni kosa la chapa. Neno "mtu" lina mizani mbili, kwani "m" hiyo yahesabiwa peke yake. Mpanga herufi asiye mtunzi akiongeza au akipunguza herufi moja, mstari huwa kilema, na msomaji humlaumu mtunzi. Mghani akiteleza hujisahihisha papo hapo, karatasi haijisahihishi. La pili ni usanifu. Tangu 1930 ilikuwapo Halmashauri ya Lugha, ambayo baadaye ilikuwa Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na mwaka 1964 ikawa chuo cha uchunguzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi yake ya kusanifisha lugha ya vitabu vya shule ilikuwa ya lazima, na faida yake haikataliki. Walakini neno la lahaja haliwekwi katika kina kwa ajili ya pambo tu. Ukilibadili kwa neno sanifu, kina chafa, na pengine maana hufa nacho. Mwandishi wa hadithi aweza kukubali masahihisho hayo kwa urahisi. Mtunzi hawezi.

Hapa yafaa kutazama nje kidogo. Wales, nchi ndogo iliyopakana na Uingereza, nako watunzi hufungwa na kanuni kali za sauti, na katika mkutano wao mkuu uitwao Eisteddfod washindani hupeleka tungo kwa majina ya kubuni, ili waamuzi wasijue ni nani. Mshindi huitwa mbele ya umati kwa jina hilo na kutakiwa asimame. Mwaka 1917, huko Birkenhead, aliitwa Hedd Wyn, na hakuna aliyesimama, maana alikuwa ameuawa vitani. Kiti chake cha ushindi kikafunikwa kitambaa cheusi. Wao huficha jina mpaka hukumu itoke, nasi Mrima hulitia ndani ya shairi lenyewe. Lakini pande zote mbili zimekubaliana kwamba hukumu ya shairi ni jambo la kusikiwa na watu.

Amri Abedi, katika *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* cha mwaka 1954, alishika msimamo huo huo: shairi ni wimbo, na lisiloimbika lina upungufu. Ajabu ni kwamba ilibidi jambo hilo liandikwe kitabuni ili likumbukwe.

Shaaban Robert ndiye mfano mkubwa wa mtunzi aliyekabili chapa kwa macho mawili. Alizaliwa 1909, akawa mtumishi wa serikali, kwanza katika forodha, na maandishi yake aliyafanya nje ya saa za kazi. Mashairi yake yalitoka katika *Mambo Leo*. Kisha *Pambo la Lugha* kikatolewa na chapa ile ile ya Johannesburg iliyomtoa Muyaka. Yaani yale yaliyomfikia Muyaka baada ya miaka mia, Shaaban aliyaona akiwa hai. Hata hivyo wenye mitambo ya chapa walikuwa mbali naye, nao ndio walioamua kipi kitoke na lini. Yeye hakuridhika kungoja. Alianzisha Tanga shirika lake mwenyewe la kutolea vitabu, na *Insha na Mashairi* kilitoka humo mwaka 1959. Mtunzi kuwa mpiga chapa wake ni jambo gumu kwa mtu wa mshahara mdogo, wala njia hiyo haikumaliza shida: alifariki mwaka 1962, na *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, kazi yake ndefu kuliko zote, ulitolewa na Oxford, Nairobi, mwaka 1967.

Mathias Mnyampala alikwenda upande wa pili, akaitia hadhira ndani ya maandishi. Ngonjera zake zilifanywa za kusemwa na watu wawili au zaidi, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zilienea katika shule. *Ngonjera za UKUTA* kilitoka 1970, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ubora wake kama ushairi waweza kubishaniwa, kwani mafunzo mara nyingine yamelemea maneno. Lakini ni vichache vitabu vilivyopata wasemaji wengi kama hicho.

Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa 1933, alikuwa mvuvi, baharia na mchukuzi, na maneno yake yalikuwa yakiimbwa na vikundi vya taarabu Unguja kabla jina lake halijawa kwenye jalada. *Kimbunga* kilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1994, mwenyewe amekwisha pita miaka sitini. Maneno ya kwao yaliachwa yalivyo, na hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo mhariri aliweza kumfanyia.

Tangu 1999 Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ambayo yamtambua mwenye kutunga na mwenye kuimba, kila mmoja kwa haki yake. Kwa neno hilo sheria imekaribia desturi ya kale ya Mrima kuliko msomaji awezavyo kudhani. Lakini haki haina budi kuwa na jina la kuidai. Siku hizi shairi la Kibuta laweza kughaniwa redioni, au kurekodiwa kwa simu harusini na kusambaa usiku ule ule. Muda wa kipindi ukiwa mfupi, au nafasi ya gazeti ikiwa ndogo, cha kukatwa kwanza ni ule ubeti wa mwisho, kwa kuwa kwa mtu mwenye haraka huonekana hauna habari. Nao ndio ubeti wenye jina.