Msamaha wa Kodi Hauhami na Nyumba

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, mji kasoro bahari umekuwa ukitazamwa kwa jicho jipya na watu wanaotafuta pa kuhamia: mstaafu anayetaka hewa ya Uluguru, mtumishi anayepiga hesabu kwamba anaweza kulala Kihonda na kushinda kazini Dar. Mtu wa namna hii akitembezwa na dalali Mazimbu au Bigwa, hakosi kuambiwa kwamba nyumba fulani haina kodi, au kwamba mzee mwenye nyumba kasamehewa. Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado mnunuzi akaumia akiyaingiza kwenye bei. Msamaha wa kodi ya majengo amepewa mtu. Tofali na bati havikupewa kitu. Muuzaji akiondoka, anaondoka nao. Na hata ungebaki, thamani yake ni ndogo mbele ya msamaha mwingine ambao dalali hautaji, kwa kuwa hauonekani kwenye mita ya umeme.

Kodi hii ina mizizi katika Sheria ya Mamlaka za Miji (Ukadiriaji) ya mwaka 1983, na zamani ilifuata thamani ya jengo kama ilivyokadiriwa na mthamini. Wathamini walikuwa wachache na majengo mengi, basi mwaka 2018 serikali ikarahisisha: Sh 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na Sh 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Mwaka 2021 makusanyo yakahamishiwa kwenye LUKU, mfumo wa umeme wa kulipia kabla, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inakatwa Sh 1,500 kwa mwezi. Anayenunua umeme wa Sh 10,000 kwa mara ya kwanza katika mwezi hukatwa kwanza hiyo 1,500, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati ya uniti, VAT na tozo za REA na EWURA. Asiponunua umeme miezi mitatu, makato ya miezi yote yanamsubiri. Kwa hiyo nyumba iliyokaa tupu muda mrefu ikingoja mteja inaweza kuwa na deni ndani ya mita, na mwenyeji mpya hulikuta siku anapoweka tokeni yake ya kwanza. (Kwamba mpangaji ndiye anayenunua umeme, na hivyo ndiye anayemlipia mwenye nyumba kodi ya mwenye nyumba, ni kasoro ambayo mpaka leo imeachwa ikamalizwe na watu wenyewe sebuleni.)

Sheria inasamehe nyumba za ibada, makaburi, maktaba za umma na makumbusho, pamoja na nyumba za makazi za udongo na za nyasi. Kwa watu binafsi, inamsamehe mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na mwenye ulemavu asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoimiliki na kuishi ndani yake. Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Chukua mzee wa miaka 67 anayemuuzia nyumba yake ya Mazimbu mwalimu wa miaka 41 anayehamia kutoka Dodoma. Siku mwalimu anapoingia, sababu ya msamaha imekufa, ingawa mita haina habari. Geuza mfano huo: mstaafu wa miaka 62 anatoka Tabata, Dar es Salaam, anaipangisha nyumba yake ya huko na kununua nyingine Kihonda. Ile ya Tabata si makazi yake tena, kwa hiyo haistahili msamaha. Ya Kihonda inastahili, lakini itaendelea kukatwa mpaka yeye mwenyewe aombe msamaha na athibitishe umri wake. Mita haisomi tarehe ya kuzaliwa ya mtu.

Kosa la kuhesabu msamaha wa muuzaji kama mali ya mnunuzi linafanyika pia kule ambako kodi hii ni kubwa kweli. Huko Florida, Marekani, nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani yake haiwezi kupandishiwa thamani ya kodi kwa zaidi ya 3% kwa mwaka. Nyumba ikiuzwa, thamani inarudishwa kwenye bei ya soko. Mgeni kutoka jimbo jingine aliyetazama stakabadhi ya kodi ya mzee aliyeishi pale miaka ishirini hushtuka anapoletewa yake mwaka unaofuata. Tofauti ni kwamba Mmarekani anayehama jimbo anahama pia mfumo mzima wa misamaha. Kwetu viwango na misamaha hutungwa Dodoma kwa nchi nzima, kwa hiyo anayetoka Mbeya kuja Morogoro hakuti sheria mpya.

Atakayepinga atasema Sh 18,000 kwa mwaka si kitu kidogo kwa anayeishi kwa pensheni. Ni kweli, na mstaafu anayestahili akaidai bila aibu. Lakini swali la mnunuzi ni la bei. Msamaha huo kwa miaka 20 ni Sh 360,000. Dalali akiutumia kupandisha bei kwa milioni moja, mnunuzi amelipia karibu mara tatu kitu ambacho huenda hakipati. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukadiriaji wa thamani unaweza kurudi siku moja. Ukirudi, nyumba ya Kilakala na ya pembezoni mwa mji hazitalipa sawa tena, na msamaha utakuwa na uzito. Hata hivyo utabaki wa mtu na makazi yake, kwa hiyo wa muuzaji hautamfaa mnunuzi hata hapo.

Msamaha unaomgusa mnunuzi moja kwa moja uko kwenye kodi ya ongezeko la mtaji. Anayeuza nyumba kwa kawaida anatakiwa kulipa 10% ya faida, isipokuwa kama ni makazi yake binafsi, ameyamiliki na kuishi humo angalau miaka 3, na faida haizidi Sh milioni 15. Bila uthibitisho wa TRA kwamba kodi hiyo imelipwa au haidaiwi, jina kwenye hati halibadilishwi. Kumnunulia aliyekuwa akiishi humo, kwa hiyo, ni tofauti kubwa na kumnunulia aliyejenga ili auze: wa pili ana kodi, na mara nyingi humtupia mnunuzi, au humwomba waandike bei ndogo ya uongo kwenye mkataba. Anayekubali bei ya uongo ajue kwamba siku akiuza yeye, faida yake itahesabiwa kuanzia kiasi hicho kidogo. Kwenye kiwanja chenye hati kuna pia kodi ya pango la ardhi, ambayo deni lake linafuata kiwanja. Mwaka 2022 serikali ilisamehe riba kwa waliolipa deni la msingi. Asiyelipa hakusamehewa chochote, na risiti za miaka ya nyuma ndizo zinazoonyesha muuzaji alikuwa upande gani.

Wapo wanaoamua kuukwepa mjadala huu kwa kupanda mlima, Mgeta au Kinole, ambako ardhi ni ya kijiji na kodi ya majengo, ambayo ni kodi ya miji na miji midogo, haijafika. Hapo hakuna msamaha. Kuna mpaka tu, na mipaka ya miji husogea. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mgeni hawezi kuhamishiwa ardhi bila idhini ya halmashauri ya kijiji, na Uluguruni kuna mlango mwingine ambao sheria haiutaji kwa jina: ardhi ya Waluguru hufuata ukoo wa mama. Kijana anayeonyesha shamba lenye migomba na kusema ni la baba yake huenda anasema kweli, na huenda baba alikuwa akililima tu kwa sababu ni la ukoo wa mkewe. Muhtasari wa kikao cha kijiji wenye saini za wajomba na majirani utakaopakana nao una thamani kuliko Sh 1,500 ambazo LUKU haikukati.